Pale Mfupa Unapokulia

Mume wangu nilimjua mguu kabla sijamjua jina. Alikuja kwenye fremu yangu ya ushonaji, Mabatini, enzi hizo bado nashonea cherehani ya kuazima, akatoa suruali mpya kwenye mfuko wa plastiki akasema, "Fundi, mguu wa kushoto punguza kidogo. Wa kulia uache ulivyo." Nikadhani ananichezea. Vijana wakiona fundi ni msichana wanapenda kuleta utani wa kijinga. Nikamjibu, "Kaka, nina kazi nyingi hapa, nenda kamtanie dada yako." Hakukasirika. Akatembea mbele ya cherehani, akaenda, akarudi, ili nione mwenyewe. Kila alipokanyaga kwa kushoto bega lilishuka na upindo wa suruali ukafagia sakafu. Loh! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikapiga magoti, nikampima kwa adabu zote.

Tangu siku ile suruali zake zote nimezishona mimi, na mguu huo nimeuzoea kama ninavyozoea sauti yake. Lakini una habari yake, na bila kuijua hutaelewa kwa nini nilikimbia vile siku binti yangu alipoanguka.

Mume wangu alikuwa bado mtoto mdogo, kwao kisiwani, upande wa Ukerewe. Wanaume walikuwa wanavuta mtumbwi kuupandisha nchi kavu, watoto wakawa wanasukuma kwa nyuma kama kawaida ya watoto, mtumbwi ukarudi ukambana. Mguu wa kushoto uliumia juu kidogo ya goti. Mama yake alikuwa mkandaji wa viungo, tena sio wa kubahatisha. Watu walivuka maji kumfuata. Akamkanda mwanae kwa maji ya moto na samli, asubuhi na jioni, mtoto analia, na mama naye analia huku anakanda, mpaka uvimbe ukaisha. Mtoto akasimama, akatembea, watu wakampongeza mama. Baadaye, kaptula za shule zilipoanza kumkaa upande, ndipo ilipoonekana kwamba mguu wa kulia unaendelea kukua na wa kushoto umebaki nyuma.

Haya nilisimuliwa na wifi yangu, kwa kunong'ona, tukichambua dagaa. Katika familia ile jambo hilo halitajwi. Mume wangu halitaji, mama yake halitaji, na mimi niliyeolewa tu ningeanzia wapi?

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alihamia kwetu Igogo. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe. Ukitaka kufika unapanda ngazi ambazo kila jirani amejijengea kipande chake kwa saruji yake, na hakuna vipande viwili vinavyolingana. Niliogopa kwamba mama wa watu atazishindwa. Ashindwe wapi! Haukupita muda mlango wetu ukawa kituo. Aliyeteguka kifundo, mbeba mizigo aliyekazwa bega, vijana wa mpira, wote wanapiga hodi, "Bibi yupo?" Nami nitakuwa muongo nikisema mikono ile haikuwa na kitu. Shingo yangu hii inayoinamia cherehani kutwa nzima aliikanda mara nyingi, nikalala usingizi wa kitoto.

Ila nikimwangalia binti yetu, mtoto wetu wa pekee, moyo ulikuwa hautulii. Nikamwambia mume wangu, "Mama yako nampenda, lakini mifupa ya mwanangu asiiguse." Akasema, "Mwambie mwenyewe." Mwanaume mzima, fundi wa injini za mitumbwi, kule ufukweni anafungua mashine nzito kama anamenya ndizi, hili likamshinda! Mimi nikamlaumu yeye, yeye akanyamaza, na hakuna aliyemwambia mama.

Sasa watoto wa huku juu wana mchezo wao. Wanakata dumu la mafuta, wanakalia kipande kile, wanateleza nacho kwenye jiwe kubwa lililolainika hadi linang'aa. Nilikataza. Niligomba, nikachoma kipande cha kwanza, nikachoma na cha pili. Mtoto mwenyewe kichwa ngumu, na wanaonijua wanasema hakukiokota njiani. Shule zilipofungwa, mimi nikiwa Mabatini namalizia sare za watu, akapata kipande cha tatu.

Jirani alinipigia simu. Hakusalimia hata. "Mama, njoo nyumbani, mtoto ameanguka kwenye jiwe, mguu umegeuka." Nikamuuliza mguu wapi. Akasema, "Hapa juu ya goti. Lakini usiogope, bibi yake yupo naye."

Bibi yake yupo naye! Yaani ndiyo maneno aliyoona yatanituliza. Niliacha shati la mteja na mkono mmoja umeshonwa na mwingine haujashonwa, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa naona mikono ya mama mkwe inapaka samli. Namwambia dereva ongeza mwendo, ananiambia mama kuna foleni, namwambia pita juu ya foleni. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mama. Nilikuwa nayo mengi, na hakuna hata moja ninaloweza kuliandika hapa. Pikipiki ilipogota mwisho wa njia nikapanda zile ngazi viatu mkononi.

Uani palijaa watu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni beseni, linatoa mvuke, na pembeni yake kopo la samli limefunguliwa. Nimechelewa, nikasema moyoni, ameshamkanda, imekwisha.

Halafu nikamwona mama mkwe. Amekaa chini, kichwa cha mtoto kipo mapajani pake, na mkononi ameshika fimbo yake ya kutembelea, ameiinua juu, anawatazama wale akina mama wa jirani kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Mguu wa mtoto ulikuwa umelazwa juu ya blanketi, umefungwa kwa kanga kwenye mwiko mkubwa wa kusongea ugali, umefungwa jinsi ulivyolala, haukunyooshwa wala kuvutwa. Ngozi ilikuwa kavu kabisa. Haikuwa na tone la maji wala la samli.

Jirani mmoja alikuwa bado anabisha. "Lakini bibi, si ndiyo kazi yako? Maji nimeshakuchemshia, yatapoa bure."

"Yapoe," akasema mama mkwe. "Atakayemgusa huyu mtoto leo atanitambua."

Aliponiona akashusha fimbo. Akaniambia, "Mama, ni palepale." Hakusema pale wapi. Mimi na yeye tulijua. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kisiwani, "Twende hospitari. Mimi huu siuwezi."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalipotelea hapohapo. Nilipiga magoti nikamshika mkono, na mtoto akafungua macho akasema, "Mama, dumu usilichome." Nikacheka na kulia kwa pamoja, mbele za watu, wala sikuona haya.

Vijana wa jirani walichukua ubao wangu wa kupigia pasi, wakamlaza mtoto juu yake, wakamshusha ngazi zile zote za kubahatisha bila kumtikisa. Hao wote wananidai sala tu, maana kuwashukuru niliwashukuru mpaka wakanikimbia. Mama mkwe aliteremka nyuma yao akisema, "Polepole, polepole," na chini tukaingia kwenye bajaji mimi na yeye na mtoto na ubao umetokeza nje.

Katika hospitali ya rufaa tulipokelewa na daktari wa mifupa, mwanamke, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akatusalimia, akampa mama mkwe shikamoo yake kwa kuinama, akatazama mwiko na kanga. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekandwa?"

"Hapana," nikasema.

"Nani alimfunga hivi?"

"Bibi yake."

Akamgeukia mama mkwe akasema, "Asante sana, Bibi. Laiti wangeletwa wote hivi." Mama mkwe akainamisha kichwa kama aliyekaripiwa. Mikono yake ilikuwa imefichwa chini ya kanga.

Picha ya eksirei ilipotoka nilitaka kuzimia. Kwenye skrini niliona mfupa wa paja wa mwanangu, na karibu na goti pana ufa mweusi umeukata kutoka upande huu hadi upande ule. Nikapiga kelele, "Mungu wangu, umekatika kabisa!" Daktari akaleta picha ya mguu wa pili, ule mzima. Nao una ufa uleule.

"Huo sio ufa, Mama," akasema. "Hapo ndipo mfupa unapokulia. Watoto wote wanapo."

Halafu akamgeukia mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameshachomwa sindano ya maumivu na mdomo umemrudi. Akamuuliza, "Unafikiri mfupa ni kama nini?" Mtoto akasema ni kama jiwe. Daktari akatikisa kichwa. Akamgusa paji la uso: hapa ni mfupa bapa, kazi yake kufunika na kulinda ubongo. Akamshika kiganja, akakigeuza: humu ni mifupa mifupi, mingi, imepangana ili mkono uweze kujigeuza. Ya mgongo, akasema, ni pingili, ina umbo lake lenyewe lisilofanana na mengine. Kisha akafika pajani bila kuligusa. Huu ni mrefu, mrefu kuliko yote uliyonayo. Ganda lake la nje ni gumu, limeshikana, na katikati pana uwazi wenye uboho. Kuelekea mwisho, ndani pana vitundu kama dodoki la kuogea, na humo damu inatengenezwa.

"Kwa hiyo damu inatoka kwenye mifupa?" mtoto akauliza.

"Inatoka humo. Mfupa uko hai, unakula na kunywa kama wewe."

"Mbona supu ya mifupa haina damu?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Hata mimi nilitaka kuuliza hilohilo, nilinyamaza tu kwa sababu ya utu uzima.

Mimi ni fundi wa nguo, na maisha yangu yote nilidhani mtoto anakua kwa kuvutika, kama mpira wa kiunoni. Kumbe sivyo. Daktari alieleza kwamba pale pembeni ya goti pana tabaka jembamba la gegedu, kitu laini cha namna ya sikio. Tabaka hilo linaongeza gegedu jipya upande mmoja, na upande wa pili lile la zamani linageuka mfupa, na hivyo ndivyo urefu unavyopatikana, kidogo kidogo, huku mwisho. Katikati mfupa hauongezeki urefu hata kidogo. Akishakuwa msichana mkubwa, gegedu lote litageuka mfupa, na urefu wake utakomea hapo. Sehemu kubwa ya urefu wa mguu, akasema, inatoka hapa karibu na goti. Na hapa ndipo mwanangu alipoumia.

"Na likiumia?" nikauliza.

"Linaweza kupona likaendelea na kazi. Linaweza pia kuziba. Likiziba lote, mguu unabaki mfupi. Likiziba upande mmoja, mguu unapinda. Ndiyo maana nimeuliza kama amekandwa, kwa sababu ukilisaga pale ambapo limeshajeruhiwa, unalimalizia."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Nilisikia tu pumzi yake, na nilijua kwamba mtu wa watu, baada ya miaka yote ile, ndiyo kwanza anaambiwa kilichompata mwanae, tena na mtu asiyejua kwamba anamwambia.

"Huyu wangu je?" nikasema.

"Siwezi kukudanganya, Mama. Sasa hivi hakuna anayejua. Tutaurudisha mfupa mahali pake, tutaushika kwa vyuma vyembamba, tutamfunga plasta. Kisha tutasubiri. Mfupa wenyewe ndio utakaotuambia."

Walimfanyia hivyo, na walifanya kwa upole ambao hadi leo nikiukumbuka najisikia vizuri. Alirudi nyumbani amefungwa plasta ngumu, hogo tunavyoiita mtaani, kutoka pajani mpaka wayo. Igogo nzima ilikuja kuandika majina juu yake. Mtoto akageuka malkia. Maji, anaagiza. Embe, anaagiza. Akikohoa tu bibi yake ameshafika.

Na watu wanavyopenda kutibu! Kila aliyepanda ngazi zetu alikuja na supu ya kongoro, maana huku kwetu mtu akivunjika mguu anapewa mguu wa ng'ombe anywe. Nilikuwa na sufuria za majirani hadi chini ya kitanda. Daktari nilipomuuliza alisema supu haina ubaya, ila mfupa unapenda zaidi dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mboga, na jua la asubuhi. Hayo mama mkwe aliyashika kama amri. Kila asubuhi alimtoa mtoto nje juani, akamlisha dagaa kwa mkono wake. Mtoto akikunja uso anaambiwa, "Kula. Hao nao wana mifupa."

Jambo lililobadilika ni mlango wetu. Wateja wa mama mkwe waliendelea kuja, lakini alianza kuwachagua. Anagusa kwa ncha za vidole, anasikiliza, akiona ni msuli anakanda. Akiona uvimbe karibu na kiungo, hasa kwa mtoto, anafunga kwa kitambaa anasema, "Huyu hospitari." Walimnung'unikia. Mmoja alisema mjini bibi ameshaharibiwa. Nilitaka kumjibu huyo, na nilishavuta pumzi, mama mkwe akanifinya nikanyamaza.

Plasta na vyuma vilipotolewa, mguu ulitoka mwembamba, mweupe kwa magamba, unatia huruma. Mtoto akaanza na magongo, kisha bila magongo, na alikuwa anachechemea. Hapo ndipo nilipoona mume wangu anavyoumia. Anasimama mlangoni, anamwangalia binti yake akivuka ua huku bega linashuka, bega la kushoto, kama lake, halafu anachukua kofia anatoka. Kliniki hakuwahi kwenda. Kila mara kulikuwa na injini imeharibika. Nilimgombeza siku moja, nikamwambia, "Injini zote za ziwa hili zinaharibika siku ya kliniki tu?" Akasema, "Siwezi kukaa pale nikisubiri kuambiwa." Nikamwacha. Nilimpenda zaidi kwa kusema kweli.

Mimi nilikuwa na yangu. Mchana mtoto akijilaza nilikuwa nachukua futi, napima kutoka nyonga hadi kifundo, huku na huku. Leo iko sawa, kesho imepungua, keshokutwa imezidi. Nilikonda. Daktari alipojua akaniambia futi inadanganya, mtoto akigeuza nyonga kidogo tu kipimo kinabadilika, na kuchechemea kwa sasa kunatokana na misuli iliyolala muda mrefu. Nilikasirika kimoyomoyo. Futi yangu mimi inadanganya! Nimeshonea maharusi kwa futi hiyo. Mama mkwe ndiye aliyenikuta siku moja nimeinama juu ya mtoto aliyelala. Akachukua futi mkononi mwangu, akaikunja taratibu.

"Mimi wa baba yake nilikuwa napima kwa kamba," akasema. "Miaka. Kamba haikunisaidia kitu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulitaja jambo lile. Alisema hivyo tu, akanirudishia futi, akaenda kuanua nguo. Sikupima tena.

Miezi ikapita, mwaka ukapita, na kuchechemea kukapungua mpaka hata wewe mwenyewe unasahau kukutafuta. Lakini daktari alikuwa ametuonya: kutembea vizuri leo hakutuambii kitu kuhusu mguu utakavyokuwa akiwa mkubwa, kwa sababu bado ana kurefuka kwingi mbele yake. Aliomba picha nyingine, ya miguu yote miwili, na akasema picha hiyo ndiyo itakayosema.

Siku ya jibu nilifunga fremu. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika chini ya ngazi tukamkuta mume wangu amesimama, shati safi, mikono ameisugua mpaka girisi imetoka. Hatukumuuliza habari za injini. Tukaenda wote wanne.

Daktari alitupokea kwa jina la mtoto, akawasha skrini. Nilitafuta uso wake kwanza kabla ya picha, lakini madaktari wamefundishwa kuficha. Akaelekeza kalamu kwenye mfupa wa paja. Pale pa kukulia palionekana, ule ufa mweusi ambao sasa nimeuzoea. Juu yake, ndani ya mfupa, kulikuwa na kitu kipya: mstari mweupe mwembamba, umekatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Mnauona huu?" akasema. "Hii ni siku aliyoanguka. Mtoto akiumia hivi, mfupa unasimama kukua kwa muda, na unapoanza tena unaacha alama. Siku ile alama ilikuwa hapa chini kabisa, imegusana na gegedu. Sasa angalieni ilipo."

Ilikuwa mbali. Kati ya mstari na gegedu palikuwa na mfupa mpya, mfupa ambao siku ile ya dumu haukuwepo duniani.

"Kama upande mmoja ungeziba, mstari ungelala mshazari," akaendelea. "Mama, wewe ni fundi. Umelalaje?"

Nikasogea mpaka pua ikakaribia skrini. Kazi yangu ni mistari. Nimefumua nguo nzima kwa ajili ya mshono uliokwenda kombo kwa unene wa uzi. Niliutazama ule mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikarudia.

"Umenyooka," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka.

"Umenyooka," akasema daktari. "Gegedu linafanya kazi pande zote. Miguu inakua pamoja. Nitaendelea kumwona, lakini nendeni mkalale usingizi."

Mtoto akauliza kama sasa anaweza kuteleza na dumu. Wote tukasema hapana kwa pamoja. Nilimshika daktari mikono yote miwili nikamshukuru, nikamshukuru tena, nikamwambia nitamshonea gauni, akasema haruhusiwi, nikamwambia basi nitamshonea mama yake.

Mama mkwe hakuwa amesogea. Alikuwa bado anautazama ule mstari mweupe. Akasema taratibu, "Daktari. Na yule mwingine, kama angeletwa siku ileile, na wake ungenyooka?"

"Mtoto yupi, Bibi?"

Akaitazama mikono yake, ile mikono, na hakuwa na pa kuificha. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Akaja, kwa hatua zake zile, mbele ya watu wote bila kujaribu kuzinyoosha, akavuta kiti akakaa mkabala na mama yake mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama," akasema, "mimi sijawahi kukudai mguu."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akauweka juu ya goti la mwanae, la kushoto, akauacha hapo bila kukanda, bila kubonyeza. Foleni nje ilikuwa ndefu. Daktari alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni, akawaambia wasubiri kidogo.